Mguu wa Meja

Kama kuna kitu kilichomchosha Mseti katika dunia hii, kuliko jembe, kuliko mikutano, kuliko hata malaria, ni mkono wa mtu mwenye nia njema. Mwizi unamfukuza. Mchawi unamwogopa, naye akijua unamwogopa mnaishi kwa adabu. Lakini huyu anayekuja asubuhi na mapema na kopo lake mkononi, anatabasamu, anasema nimekuja kusaidia, huyo utamfanya nini?

Mambo yalianza Machi ya mwaka sabini na sita, katika kijiji cha Muungano, kijiji cha ujamaa upande wa Kibara. Watu walikuwa wamehamishiwa hapo miaka miwili nyuma kutoka huku na huku, wafugaji kwa wavuvi, na bado walikuwa wanachunguliana. Mali ya kijiji ilikuwa chache: trekta bovu, mizani ya pamba, na farasi mmoja. Ndiyo, farasi. Alikuwa wa mzungu mmoja mkulima upande wa Butiama, ambaye siku alipofunga virago aliona farasi hapakiki kwenye gari, akamwacha. Jina lake Meja. Katibu wa kijiji, Leodgar, kijana wa kalamu mbili mfukoni, alisema hilo ni jina la kikoloni, na mkutano ukapitisha kwamba farasi aitwe Jitihada. Ila farasi mwenyewe hakuwepo mkutanoni, na ukimwita Jitihada hakugeuza hata sikio.

Meja alivuta mkokoteni. Alileta maji kutoka ziwani, alipeleka pamba kwenye kinu Kibara, alipeleka wajawazito zahanati. Na mtu aliyemtunza alikuwa Mseti, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mdomo wa farasi unafunguliwa wapi. Mseti alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kwenye mashamba ya wazungu kule Kenya, upande wa Molo, kazi ya kutunza farasi. Alirudi kwao na koti moja, kikohozi, na ujuzi wa farasi, ujuzi ambao katika nchi ya ng'ombe haukumsaidia hata kuombea chumvi. Miaka kumi watu walimwita mzee wa hadithi za Kenya. Meja alipoletwa, siku ile Mseti alimshika kwato, akamwinua mguu kama mtu anayeinua mguu wa mtoto wake, na watu wazima wakarudi nyuma wakishangaa. Kuanzia siku hiyo akawa mtu. Mkutanoni alipewa kiti.

Basi Machi hiyo bamba la chuma la gurudumu likachomoka njiani, likamkata Meja mguu wa nyuma wa kushoto, chini ya goti, pale ambapo farasi hana nyama, ana ngozi na mfupa tu. Kidonda kilikuwa kirefu kama kiganja. Mseti alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akakifunga kwa kitambaa safi cha marekani, akaenda kwenye mkutano kutoa taarifa.

"Ndugu zangu," alisema, "kidonda cha mguu wa farasi hakipendi shughuli. Kinaoshwa, kinafungwa, kinaachwa. Siku nne, tano, kinafunguliwa, kinafungwa tena. Kikisumbuliwa kinaota nyama ya juu, inatokeza nje, ngozi haiwezi kuipita, na hapo hakuna kupona tena. Naomba watu wauache mguu ule."

Wazee walitikisa kichwa, wakaona ni maneno ya akili. Mambo yangeishia hapo, kila kitu kingekuwa salama. Lakini Leodgar aliandika, akapiga mstari, akasema: "Ahsante, mzee Mseti. Sasa, huyu farasi ni mali ya nani?"

"Ya kijiji," watu wakajibu.

"Basi na ugonjwa wake ni wa kijiji. Haiwezekani mzee mmoja abebe mzigo peke yake wakati kaya zipo arobaini na mbili. Naweka zamu."

Na zamu ikawekwa. Kila siku kaya moja, kwa utaratibu, kama kuchota maji ya mwalimu au kulinda nyani shambani. Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Mseti alisimama mbele ya ile karatasi akahesabu mistari hadi arobaini na mbili.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu zamu. Mtu akipewa zamu ya kulima, akifika akakuta pamelimwa, anarudi nyumbani anashukuru Mungu. Lakini mpe zamu ya kutibu, akifika akaambiwa leo hakuna cha kufanya, mguu umefungwa, nenda zako, anajiona ametukanwa. Kesho wataulizana: zamu ya ndugu Kwangu, huyo Kwangu alifanya nini? Alikaa tu? Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyekaa tu.

Huyo Kwangu, aliyekuwa wa kwanza, alifungua kitambaa akamwaga majivu ya moto, kwa sababu ndivyo baba yake alivyofanyaga kwa ndama. Wa pili alifuta majivu akapaka samli. Wa tatu, Marcelina, mama wa watu mpole, kutoka familia ya wavuvi, alifuta samli akapaka mafuta ya samaki kamongo, na banda zima likanuka hadi nzi wakaja kutoka ziwani kuuliza kuna nini. Wa nne alileta mrututu, ile dawa ya buluu inayounguza. Wa tano alitoa maji ya betri ya lile trekta bovu, na siku hiyo Meja alipiga teke mlango wa banda ukaenda zake. Wa sita aliona kwamba wote waliotangulia ni wajinga, akataka kuchoma pembeni mwa kidonda kwa chuma cha moto, na Mseti akasimama katikati ya chuma na farasi, akasema aanze na yeye.

"Mzee, mbona una hasira?" yule mtu akamuuliza kwa upole kabisa. "Si tunasaidia?"

Hilo ndilo lilimuua Mseti. Hakuna aliyekuwa mbaya. Angempata mmoja tu aliyefanya kwa ubaya, angepumua.

Kidonda kikafanya vile vile alivyosema. Kikatokeza nyama nyekundu, laini, yenye vipele, inatoka damu ukiipulizia tu. Mseti alipanda lori hadi Bunda kwa bwana mifugo, bwana mifugo yuko safari. Akaendelea hadi Musoma. Huko alikaa kwenye benchi siku mbili, na alipoingia ofisini karani mmoja mwenye heshima zake alimwonyesha fomu. Fomu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na punda.

"Niandike punda?" karani akamuuliza.

"Si punda."

"Najua si punda, mzee wangu. Ila nikiandika farasi hapa pembeni, nayo ikienda juu, itarudi. Na nikiandika punda, akija mkaguzi akakuta farasi, mimi ndiye nitakuwa punda."

Mseti aliondoka na bandeji sita alizopewa na mganga mmoja wa hospitali ya watu aliyemhurumia, akalala mtaa wa Mwisenge kwa mpwa wake, akarudi Muungano siku ya tano amekunja uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano. Hakukaa kwenye kiti chake.

"Nipeni mimi," alisema. "Peke yangu. Kama zamu haitoki kwenye mlango ule, basi mwiteni bwana nyama, yule wa wanyama pori, leo aje na bunduki, tuache kumtesa kiumbe cha Mungu."

Watu walinong'onezana. Leodgar hakupenda, lakini soko la pamba lilikuwa linafunguliwa mwisho wa Juni na mkokoteni ulikuwa umekaa tu. Akaandika: zamu imeondolewa, farasi yuko chini ya ndugu Mseti, asipokuwa amepona siku soko linafunguliwa, bwana nyama ataitwa ampige risasi, na nyama wapewe mbwa. Kisha akainua macho. "Na tutajua ni nani wa kuulizwa, mzee."

"Niulizwe," alisema Mseti.

Kwa hiyo akawa na miezi miwili na siku kadhaa, na mguu mmoja, na hakuna mkono mwingine katikati. Alimhamishia Meja nyuma ya nyumba yake, akajenga uzio wa miiba. Alimwambia mkewe Wankyo achemshe maji. Aliiua ile nyama ya juu kwa mrututu kidogo, yeye anayejua kipimo, akaosha, akafunga bandeji ya Musoma. Mambo yakawa vizuri. Wiki ya kwanza pembeni mwa kidonda palionekana kimstari cheupe, chembamba, ngozi mpya inaanza kutambaa kuja katikati. Mseti alikiona kile kimstari akalia, nisimsingizie, alilia kabisa, akajifanya ni moshi.

Wiki ya pili kimstari hakikusogea. Wiki ya tatu kilikuwa kimerudi nyuma, na asubuhi bandeji ilikuwa na damu mbichi.

Mseti akajua. Kuna mtu anaingia.

Akaongeza miiba. Akafunga bandeji kwa fundo lake la Molo ambalo hakuna mtu hapa anayelijua. Fundo halikuguswa, lakini damu ilikuwepo. Akakagua ardhi. Siku ya tatu ya kukagua akaona nyayo nje ya uzio, upande wa ziwani, miguu mipana ya mtu asiyevaa viatu, na majani ya viazi yamedondoka. Nyayo zile zilikuwa za Masatu.

Masatu alikuwa jirani, mvuvi, mtu mzito wa kusema, aliyekuja Muungano na mtumbwi na binti zake wawili, ambao wameshaolewa, sasa yuko peke yake. Hakuwahi kumkosea Mseti. Lakini Mseti alikuwa amefikia mahali ambapo mtu asiyemkosea ndiye hasa wa kushukiwa. Mafuta ya kamongo yanatoka kwa nani kama si kwa wavuvi? Akayaunganisha yote, yakaungana vizuri sana, na mkutano uliofuata akasimama akamnyooshea kidole mbele ya kaya arobaini na mbili.

"Huyu anaingia kwangu. Huyu anafungua mguu. Mimi nafunga, yeye anafungua. Farasi atakufa, na atakuwa ameuawa na Masatu."

Masatu alinyanyuka polepole. "Nilimpelekeaga majani ya viazi," alisema. "Juu ya uzio. Anayapenda. Mguu sijaugusa." Akabaki amesimama kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kuongeza, kisha akatoka nje ya mkutano, na hakuna aliyemwita. Watu wa ziwani walitoka nyuma yake mmoja mmoja. Leodgar alifunga daftari. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nyumbani Mseti alikuta maji yanachemka, akavua koti, akachukua kitambaa cha kusugulia.

"Baba Nyamburi," mkewe akamwambia, "kaa kwanza."

"Maji yatapoa."

"Lazima yapoe, si ndivyo unavyosemaga? Kaa." Wankyo hakuwa mwanamke wa kelele. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, mikono ina masizi. "Wewe unajua nimechemsha maji haya mara ngapi tangu farasi ahamie hapa?"

"Sijui. Mara nyingi."

"Asubuhi, mchana, jioni. Kila siku. Kuni za mwezi mzima zimeisha kwa wiki tatu. Mimi ndiye ninayeenda kuzikata, kwa hiyo mimi najua." Alisema pasipo ukali wowote, na hiyo ndiyo ilimfanya Mseti aanze kusikiliza. "Asubuhi unafungua uone kama usiku kuna mtu amefungua. Ukikuta damu, unasugua. Mchana unafungua uone kama asubuhi ulisugua vizuri. Jioni unafungua kwa sababu huna amani. Mguu ule haujakaa siku moja umefungwa. Masatu hajaingia. Ningemwona, niko hapa siku zote. Mkono unaofungua ni mmoja tu."

Mseti alifungua mdomo amjibu. Jibu lilikuwa tayari, alikuwa ameligawa kijiji kizima: kidonda kinaoshwa, kinafungwa, kinaachwa. Alilisema hadi watoto walikuwa wanamwigiza njiani. Akaliona jibu hilo limesimama mbele yake linamtazama. Alipokuwa anasema watu wauache mguu, yeye hakujihesabu katika watu.

Hakuosha siku hiyo. Alikaa pale pale hadi maji yakawa ya baridi. Kule kumkumbuka Masatu amesimama, amesahau cha kuongeza, kulimfanya atamani kuingia chini ya kitanda.

Kesho yake alijaribu. Alifunga bandeji, akaapa siku tano. Siku ya kwanza alienda shambani akapalilia pamba ya kijiji kama mwendawazimu. Siku ya pili mchana alijikuta amechuchumaa chini ya Meja, fundo limeshalegea vidoleni, na hakukumbuka alivyofika pale. Alilifunga tena. Hasira ilimjaa, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Basi akafanya jambo lililomgharimu kuliko yote. Akamvisha Meja kamba, akamwongoza polepole, farasi akichechemea, hadi kwenye nyumba ya Masatu karibu na maji. Masatu alikuwa anashona wavu. Hakuinuka.

"Nilikukosea," Mseti alisema. "Nilikukosea mbele ya watu, na nitasema mbele ya watu kwamba nilikukosea. Ila leo sijaja kwa hilo tu."

Masatu aliendelea kushona.

"Ni mimi niliyekuwa nafungua," Mseti akasema. "Mwenyewe. Siwezi kuacha. Ninajua cha kufanya na siwezi kukifanya. Nakuomba umweke hapa kwako. Bandeji hizi nne. Unafungua kila siku ya tano, unamwagia maji ya chumvi, husugui, unafunga. Basi. Katikati, usimguse."

"Nisimguse kabisa?"

"Kabisa."

Masatu alikata uzi kwa meno, akamtazama farasi, akamtazama Mseti, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Kukaa bila kufanya kitu hata mke wangu marehemu alisema ninaweza," alisema. "Lakini na mimi nina sharti. Usikanyage hapa mpaka nikuite. Ukija hata kuchungulia, ninamrudisha siku hiyo hiyo."

Mseti alikubali. Akamwachia kamba. Akarudi bila kugeuka, kwa sababu alijijua.

Jamani, wiki zile nne. Watu wanasema mtu huchoka kwa kazi. Mseti alichoka kwa kutokwenda mahali. Alizibua mfereji ambao haukuwa umeziba. Alimsahihisha Wankyo namna ya kutwanga hadi Wankyo akampa mchi. Kwenye mkutano alisimama akakiri kosa lake kwa Masatu, kama alivyoahidi, na watu walimsikiliza kwa macho ya huruma, huruma ile anayopewa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Kiti chake alikuwa amekalia mtu mwingine. Hakudai. Kila siku ya tano aliamka akijua leo Masatu anafungua, na siku hizo hakula. Mara mbili alifika hadi kwenye mti wa mnyaa wa mwisho kabla ya nyumba za wavuvi, akashika tawi lake kwa mikono yote miwili, akarudi.

Siku tatu kabla ya soko, Leodgar alileta habari kwamba bwana nyama ameshaandikiwa na atafika Ijumaa na bunduki yake. Mseti hakuulizwa chochote. Ijumaa mkutano uliitwa mbele ya ofisi, bwana nyama akaja kweli, kijana mnene, bunduki kaiegemeza ukutani, anakunywa uji. Mseti alikaa chini kati ya watu, magoti kifuani.

Kwanza walisikia magurudumu. Masatu alitokea akitembea mbele, kamba begani, na nyuma yake Meja anavuta mkokoteni wenye mapipa mawili ya maji, miguu yote minne chini, hatua sawasawa. Mguu wa kushoto ulikuwa na kovu refu, jeusi, kavu, lisilo na manyoya. Hapakuwa na bandeji. Akina mama wakapiga vigelegele, na bwana nyama akauliza kama anaweza kuongezewa uji.

Leodgar alikuwa ameshachukua kalamu. "Ndugu Masatu," alisema, sauti imejaa furaha, "hii ni heshima kwa kijiji. Tumehangaika miezi minne. Tueleze umetumia dawa gani, tuiandike, hata vijiji vingine vifaidike."

"Sikuweka kitu," alisema Masatu.

Watu wakacheka. "Mvuvi haonyeshagi penye samaki," mmoja akasema kwa nyuma, wakazidi kucheka.

"Nasema kweli. Nilimwacha."

"Tutazungumza ofisini," Leodgar akasema, akikonyeza jicho, na akaandika kwamba mganga amekataa kwa sasa kutaja dawa. Tayari Marcelina alikuwa amemshika Masatu mkono amweleze kuhusu jipu la mjukuu, na Kwangu alikuwa anasubiri nyuma yake na habari za ndama. Masatu aligeuza macho akimtafuta Mseti katikati ya watu, macho ya mtu anayeomba kuokolewa.

Mseti akasimama. Safari hii hakujua kama ni hasira au ni furaha iliyomwinua.

"Anasema kweli," alisema kwa sauti iliyofika mpaka ukutani. "Hakuna dawa. Aliuacha mguu, ukapona. Ndicho kitu pekee kilichohitajika tangu Machi."

Leodgar alimtazama kwa upole, ule upole wa kijana aliyelelewa vizuri.

"Mzee wetu Mseti, ahsante, tumekusikia. Lakini wewe kaa. Wewe ulipewa huyo farasi, ukashindwa."

Mseti alimtazama Meja, aliyekuwa anafukuza nzi kwa mkia na hakuwa na habari na mtu yeyote. Akakaa chini, kwa sababu na hilo nalo lilikuwa kweli.